Neema haina nambari ya malipo

Rosine Krapf alikaa Mombasa miezi miwili tu. Aliteremka pwani hii Mei 1844 akiwa mjamzito, pamoja na mumewe, Johann Ludwig Krapf. Julai akajifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, na tarehe 13 ya mwezi huo akafariki. Kitoto nacho hakikuchukua siku nyingi kikamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo. Rosine alikuwa ameomba asizikwe kisiwani. Akavushwa hadi bara, ng'ambo ya mji wa kale, mahali tunapopaita Nyali leo na ambapo zamani palihesabiwa kuwa Kisauni, ili Mswahili na Mnyika (Mmijikenda) wapitao njia hiyo walione kaburi na kukumbuka lililowaleta wageni hao.

Yule mjane hakufunga virago arudi Ulaya. Aliwaandikia waliomtuma, Waanglikana wa Church Missionary Society huko London, kwamba kaburi hilo la upweke ni alama kuwa kazi imeanza katika upande huu wa dunia. Tena huo haukuwa msiba wake wa kwanza: kabla ya kufika Mombasa, yeye na Rosine walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mwingine njiani huko Uhabeshi.

Nimeanza na kaburi hilo kwa kuwa ndilo somo la kwanza la theolojia ya Kilutheri kuandikwa katika ardhi ya Mombasa bara, na tumelisahau. Krapf alizaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg, akalelewa katika kanisa la Martin Luther. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, alitoka katika nchi hiyo hiyo. Wote wawili walisomea kazi yao Basel, wakaajiriwa na Waanglikana, na ndiyo maana mavuno ya shamba lao yakaingia katika ghala la Kianglikana: Rabai, kisha Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa Kisauni katika miaka ya 1870, ambacho kengele yake ilitupa jina la Kengeleni. Walutheri wenyewe wamebaki wachache hapa Pwani. Ukimuuliza mkaazi wa Mtopanga au Mikindani Mlutheri ni mtu gani, huenda akakwambia ni dhehebu la Watanzania. Si kosa lake.

Lakini ninachotaka kusema hapa hakihusu hesabu ya waumini. Nataka kusema kwamba mafundisho yaliyowavusha watu hao bahari ndiyo yanayokosekana zaidi leo usiku ukiingia Kisauni, Likoni na Changamwe, vipaza sauti vikafunguliwa na mahema yakajaa.

Kila mtu wa Mombasa bara anayajua mahema hayo. Kuna krusedi ya siku saba, kuna kesha la kuvunja laana za ukoo, kuna mafuta ya upako na maji ya baraka ndani ya chupa. Kuna kupanda mbegu: unatuma pesa kwa M-Pesa, nambari imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango, na kadiri mbegu ilivyo kubwa ndivyo mavuno yatakavyokuwa. Kazi ikipatikana, ushuhuda unatolewa jukwaani. Isipopatikana, mtu huambiwa kwamba imani yake ni haba, au kuna dhambi aliyoificha, au kuna mkono wa bibi yake kule kijijini. Sisemi kila mhubiri wa hema ni mwizi. Wapo wanaokesha na wagonjwa, wanaolisha yatima kwa mapato yao duni, na hao nawaheshimu. Nasema juu ya fundisho, na fundisho lenyewe ni bovu hata likihubiriwa na mtu mwema.

Tena wanaolisikiliza si wajinga. Chukua dereva wa lori anayekaa Chaani. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya bara ipakiwe kwenye reli ya SGR, malori yalisimama. Gereji za Changamwe zikakosa magari ya kutengeneza, mahoteli ya kando ya barabara yakakosa walaji, wenye nyumba wakakosa kodi. Watu wakaandamana barabarani. Amri ile iliandikwa ofisini, na watu wenye majina na vyeo. Lakini dereva yule akiingia hemani Ijumaa usiku, anaambiwa kwamba mlango wake umefungwa na roho chafu na kwamba ufunguo ni shilingi 1,000. Anatoka na mizigo miwili: amepoteza kazi, na sasa anaamini Mungu ana kinyongo naye.

Mwaka 1517 Wajerumani walikuwa na biashara kama hiyo. Askofu mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa na deni kubwa kwa benki ya akina Fugger, kwa sababu cheo chake kilimgharimu fedha nyingi huko Roma. Ikapatikana njia ya kulilipa: kuuza vyeti vya msamaha. Nusu ya mapato ingejenga kanisa la Mtakatifu Petro Roma, nusu ingekwenda kwa benki. Mtawa mmoja aitwaye Johann Tetzel akazunguka mijini akihubiri kwamba cheti kinapunguza mateso ya toharani, hata ya wazazi waliokwisha kufa. Maskini wakatoa walichokuwa nacho. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, akatoa hoja zake 95.

Watu wengi wanaikumbuka tarehe, hoja hawaikumbuki. Luther alichukizwa na fedha, ndiyo, lakini kilichomsukuma kilikuwa chini zaidi ya hapo. Alikuwa ameishi miaka mingi akijaribu kumlipa Mungu. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi moja moja mpaka mwungamishi wake akachoka, na kila jioni alijiona bado anadaiwa. Akisoma Waraka wa Paulo kwa Warumi, akaja kuelewa kwamba haki ya Mungu inayosemwa pale ni ile ambayo Mungu anampa mtu bure kwa ajili ya Kristo, na mtu anaipokea kwa kuamini tu. Hiyo ndiyo inayoitwa kuhesabiwa haki kwa imani. Hata imani yenyewe si malipo. Ni mkono mtupu ulionyooshwa, nao pia umenyooshwa kwa msaada wa Mungu.

Anayevuka Likoni kila siku atanielewa haraka. Mwenye gari hulipa feri, lakini anayetembea kwa miguu halipi kitu. Kibarua wa bandari, mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda hospitali, ombaomba, tajiri aliyeacha gari lake ng'ambo, wote wanaingia kwa lango moja na kufika pamoja. Hakuna anayeweza kujisifu kwamba amevuka kwa uhodari wake. Na akitokea mtu langoni akaanza kuwatoza wapita njia shilingi 50 ili wavuke, tutamwita kwa jina linalomfaa na kumpeleka kituoni. Luther alifanya hivyo.

Hapo mtu huuliza: kama wokovu ni bure, nani atatenda mema? Ni swali la haki, na Luther mwenyewe aliulizwa. Jibu lake, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, ni kwamba mtu aliyekwisha kupata kila kitu kwa Mungu hana tena sababu ya kujilimbikizia thawabu, kwa hiyo mikono yake imefunguka kwa ajili ya jirani. Mungu hana shida na matendo yetu. Mwenye shida nayo ni mtu wa nyumba ya pili. Hapo ndipo Luther alipoanza kuitazama kazi ya kila siku kwa macho mapya. Wakati wake, mtu mwenye wito alikuwa padri au mtawa. Yeye akasema mjakazi anayefagia kwa imani anamtumikia Mungu sawasawa na mtawa anayeimba zaburi.

Nadhani hili ndilo linalostahili kuhubiriwa zaidi katika mitaa yetu. Mama wa Mishomoroni anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa mahamri, ili mafundi na watoto wa shule wapate kitu cha kutia tumboni kukipambazuka, yuko madhabahuni. Nahodha wa feri anayekataa kupakia watu kupita kiasi yuko madhabahuni. Karani wa bandari anayeikataa bahasha amemfanyia Mungu ibada kubwa kuliko kesha. Akija mtu kuwaambia hao kwamba hawajafanya kitu kwa Mungu mpaka watume mbegu, anawaibia pesa na anawaibia heshima ya kazi yao.

Upo upande wa pili wa theolojia hii, nao ni mgumu zaidi kumeza. Aprili 1518, katika mji wa Heidelberg, Luther alitofautisha aina mbili za wanatheolojia. Yuko anayemtafuta Mungu katika utukufu: katika nguvu, mafanikio, mambo yanayong'aa. Na yuko anayemtafuta pale Mungu alipojionyesha, yaani msalabani, katika udhaifu na aibu. Wa kwanza huishia kuliita baya jema na jema baya. Wa pili hulitaja jambo kama lilivyo.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi watu wakienda kazini, wakafa watu 272. Kuna nyumba za Likoni ambazo hazijapona mpaka leo. Theolojia ya utukufu ina nini cha kuwaambia? Kwamba marehemu hawakuwa na imani? Kwamba waliopona walikuwa wametoa fungu la kumi? Mtu akiyasema hayo mbele ya mjane, afadhali angenyamaza. Theolojia ya msalaba haitoi maelezo kwa nini. Inasema Mungu hakukaa mbali akitazama. Alikuwa miongoni mwa waliozama, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kufa kifo kibaya na kulia kwamba ameachwa. Kisha inalitaja jambo kama lilivyo: chombo kilijaza watu kuliko uwezo wake, na wako waliopaswa kuzuia hilo.

Mtazame Rebmann kwa kipimo cha mahubiri ya siku hizi. Alikaa huku tangu 1846 hadi 1875 bila kurudi kwao. Aliuona mlima Kilimanjaro wenye theluji Mei 1848, na mabingwa wa jiografia huko London wakamcheka. Alimzika mwanawe, akamzika mkewe, akapofuka macho. Waumini aliowapata kwa miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Aliongozwa kama mtoto kurudi Ujerumani, akafa mwaka uliofuata. Leo angeitwa jukwaani aombewe apate kufunguliwa. Na mtu wa kwanza kubatizwa katika kazi yao pale Rabai alikuwa Mringe, Mnyika mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Hakuwa na shamba la kutoa wala nguvu za kufanya kazi ya kanisa, na hakuwa na siku za kuonyesha matunda. Hakuleta chochote, akapokea yote. Sijui mfano bora zaidi wa fundisho la Luther, na umetokea kilomita chache tu kutoka Miritini.

Sasa nitaje lililo zito kuliko yote. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na mpaka kazi hiyo ilipofika mbali ilikuwa imepatikana miili zaidi ya 400, ikiwamo mingi ya watoto. Upande wa mashtaka unadai watu hao walifundishwa kufunga mpaka wafe ili wakamlaki Yesu. Kesi zilizofuata zililetwa Mombasa, nyingine Mahakama ya Shanzu, huku huku Kisauni, na ni juu ya mahakama kuamua nani ana hatia. Serikali iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kutafuta namna ya kuyasimamia makanisa. Vyema. Lakini cheti cha usajili hakimzuii mtu kuamini kwamba Mungu anataka kulipwa. Shakahola na hema la mbegu vina mzizi mmoja: mbingu ina bei. Mmoja anadai shilingi, mwingine anadai mwili wa mtoto wako. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba bei imekwisha kulipwa angesimama mlangoni mwa msitu ule na kuuliza, kwani tunafunga kwa ajili ya nini?

Ndiyo maana Luther alihangaika sana na mafundisho ya watoto. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, kijitabu ambacho baba au mama angeweza kukifundisha nyumbani: Amri Kumi, Imani, Baba Yetu, Ubatizo, Meza ya Bwana, na baada ya kila kipengele, swali fupi kuhusu maana yake. Muumini alitakiwa kuuliza na kujibiwa. Linganisha na mahali ambapo kumuuliza mtumishi swali huhesabiwa kuwa uasi, au kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana.

Siandiki haya nimsafishe Luther. Mwaka 1525, wakulima wa Ujerumani walipoasi, aliandika maneno makali yaliyowahimiza watawala wawachinje. Mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi kitabu cha chuki ambacho Wanazi walikitumia karne nne baadaye. Walutheri wa dunia, katika mkutano mkuu wao wa Budapest mwaka 1984, waliyakana maandiko hayo. Mtu anayefundisha kwamba mwanadamu ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja amejihukumu mwenyewe kwa fundisho lake.

Juu ya Uislamu pia aliandika kwa ukali, majeshi ya Kituruki yakiwa yamekwisha kufika Vienna. Hata hivyo, Qurani kwa Kilatini ilipochapishwa Basel na baraza la mji likaizuia, Luther alikuwa miongoni mwa walioomba iachiliwe isomwe, nayo ikatoka mwaka 1543. Hapa Mombasa hadithi ikageuka kuwa nzuri zaidi. Krapf aliingia akiwa na barua ya Seyyid Said wa Zanzibar ya kumtambulisha kwa magavana wake, na alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, Juni 1844, aliyemsaidia Kiswahili alikuwa kadhi wa Mombasa. Wiki chache baadaye Rosine alikuwa kaburini. Jirani zetu Waislamu wa Kisauni na Likoni, wanaoanza kila jambo kwa jina la Mungu mwenye rehema, hawana haja ya kukubaliana na Luther juu ya Kristo ili wauone uovu wa kuuza rehema hiyo. Wao pia wanao waganga na masheikh wa kujitangaza wanaouza kombe na hirizi kwa bei ya kuruka. Mazungumzo hayo tungeweza kuyafanya pamoja.

Walutheri wa Afrika Mashariki wamekwisha kuyafanyia kazi mafundisho haya. Kutoka Jimba, karibu na Rabai, Walutheri wa Bavaria waliingia Ukambani mwishoni mwa karne ya 19. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaikatiza kazi ile. Wasweden walikuja Kisii mwaka 1948. Lakini kanisa kubwa likakua Tanzania. Juni 1977, katika mkutano wa Shirikisho la Walutheri Duniani huko Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo ukatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe: kanisa linalomtenga mtu mezani kwa Bwana kwa rangi yake limeikana injili. Sababu ni ile ile ya mwaka 1517, kwamba ikiwa hakuna aliyeingia kwa sifa zake, basi hakuna mwenye haki ya kumfungia mwenzake. Shirikisho hilo hilo limekuwa likihudumia wakimbizi Kakuma tangu 1992, na Dadaab pia, ambako wengi wao ni Waislamu wa Somalia. Na Walutheri hao wa dunia walipokutana Windhoek Mei 2017, kuadhimisha miaka 500 tangu zile hoja 95, walichagua kusema kwamba wokovu hauuzwi, binadamu hauzwi, uumbaji hauuzwi. Maneno hayo yangefaa kubandikwa kwenye kivuko cha Likoni, hasa lile la pili, kwa kuwa vijana wetu wanasafirishwa kila mwezi kwa ahadi za kazi zisizokuwapo.

Makanisa ya Mombasa bara, ya dhehebu lolote, yanaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji sheria mpya wala fedha za mfadhili. Mwaka 1523 watu wa mji mdogo wa Leisnig, huko Saxony, walimwomba Luther ushauri juu ya mali ya kanisa, naye akaiunga mkono kanuni waliyoitunga na kuiandikia dibaji. Kanuni hiyo iliagiza sadaka na mapato yote yawekwe katika sanduku moja la jumuiya. Walichaguliwa wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa mabwana, wawili kutoka baraza la mji, watatu wananchi wa kawaida wa mjini na watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, kila kundi likashika ufunguo wake, kwa hiyo halikuweza kufunguliwa bila mkulima kuwapo. Fedha zilikuwa za kumlipa mchungaji na mwalimu, na kuwatunza wazee, yatima na mafundi waliofilisika, na hesabu zilitakiwa kusomwa mbele ya watu wote. Jumapili hii, katika kanisa lako la Bombolulu, Timbwani au Port Reitz, uliza funguo za sadaka ziko ngapi, na ziko kwa nani.